Eti watumishi wa serikali kuu Marekani hawaguswi?

Watu wengi wanaamini wale watumishi wa idara za serikali kuu ya Marekani wanajitungia kanuni wanavyotaka na hakuna wa kuwagusa. Inaeleweka, manake hawapigiwi kura na rais akibadilika wengi wao wanabaki palepale. Ila idara yenyewe kwa kawaida imeundwa na sheria ya Bunge, na Bunge hilohilo ndo linashika mfuko, linawaita wakubwa wa idara kuwahoji, na tangu 1996 lina njia ya haraka ya kufuta kanuni mpya, ingawa rais anaweza kuweka veto, yaani kuukataa uamuzi huo. Rais naye anateua vigogo wa juu, Seneti inawapitisha. Kwangu mimi mahakama ndo kiboko: kwa sheria ya 1946 idara mara nyingi lazima itangaze kanuni mapema, ipokee maoni ya wananchi na itoe sababu za maana, la sivyo jaji anaweza kuitupa hiyo kanuni. Sio kwamba wanabanwa kila siku, usimamizi nao unalegea. Ukitaka kuhakikisha mwenyewe fungua gazeti rasmi la serikali yao (Federal Register), liko bure mtandaoni, chukua kanuni yoyote uone imetaja kifungu gani cha sheria, kisha kasome hicho kifungu, kama hakisemi wanachodai ndo kesi nyingi zinapoanziaga.