Namba ya suruali si kiuno cha kilti

Kila tarehe 30 Novemba inapokaribia, sikukuu ya Mtakatifu Andrea, ofisi nyingi za Uskoti humpata mtu mmoja wa kuwachochea wenzake: jamani, safari hii wote tuje na kilti, lile vazi la kiume la Kiskoti la marinda linalofika magotini. Wazo ni zuri. Kinacholiharibu si aibu wala ukali wa bosi, ni ujumbe mmoja unaorudiwa mwaka hadi mwaka: "Mimi navaa 34, niagizie 34."

"Suruali yangu ni 34, kilti nayo iwe 34"

Hapana, na hapana tena. Suruali za siku hizi hukaa kwenye nyonga, chini ya kitambi. Kilti hukaa kitovuni au juu yake kidogo. Hizo ni sehemu mbili za mwili, na kwa mwanamume aliyekwisha zoeana na kiti cha ofisi, ile ya juu ndiyo nene. Tena namba ya suruali ni jina tu: iliyoandikwa 34, ukiizungushia futi ya fundi unaweza kukuta 36. Ndiyo maana mtu wa 34 akipimwa kitovuni mara nyingi hutoka 36 hadi 38, na mwenye kitambi hupita hapo.

Akiletewa ya 34, kitovuni haifungi, kwa hiyo anaishusha mpaka inapokaa suruali. Hapo ndipo mambo yanapoharibika yote kwa pamoja. Ukingo wa chini unashuka inchi 2 au 3, unafunika magoti, na mtu mrefu anaonekana mfupi. Marinda ya nyuma yameshonwa kutoka kiunoni hadi pale makalio yanapojaa zaidi, kisha yanaachiwa yacheze. Kilti ikishuka, mshono nao unashuka, unabana pasipo pake, na marinda yanachanua ovyo badala ya kulala. Vikanda vya ngozi vinavutwa hadi tundu la mwisho, na mbele panaachia kila akikaa. Halafu anajitazama kwenye kioo na kutangaza kwamba kilti haimpendezi. Suruali iliyokosewa hivyo nayo isingempendeza.

Wala usiseme fundi ataikata chini. Kilti ya sufu iliyoshonwa kwa mkono haina upindo. Ile chini ni ukingo wa kitambaa wenyewe, ulivyotoka kwenye mtambo wa kufumia. Urefu hupangwa juu, kabla marinda hayajashonwa, kwa hiyo kuifupisha ni kuifumua. Kitambaa chenyewe kwa kawaida ni yadi 8. Sasa jiulize kama kuna fundi atakayekufanyia kazi hiyo kwa bei ya kupunguza suruali.

Kupima ni kazi ya dakika tano na ya watu wawili. Vua mkanda na utoe simu mfukoni. Simama wima, pumua kawaida, usivute tumbo. Tumbo unalolificha leo litakudai siku ya kuvaa. Mwenzako azungushe futi usawa wa kitovu, ikae bila kubana na bila kulegea: hicho ndicho kiuno. Kisha apime makalio yanapojaa zaidi, futi ikiwa imelegea kidogo. Urefu ni kutoka usawa wa kitovu hadi katikati ya pia ya goti. Usijipime mwenyewe, maana ukiinama tu kusoma namba, kipimo kimekwisha kuhama. Kwa urefu, wanaume wengi hutoka inchi 23 hadi 25. Kuhakiki, vaa kilti na upige magoti ukiwa umenyoosha mgongo: ukingo uiguse sakafu kwa shida au uiache kama inchi 1.

Na anayetaka kuazimwa ya mwenzake kwa siku moja? Vikanda huvumilia tofauti ya inchi 1 au 2 ya kiuno. Tofauti ya urefu havivumilii hata kidogo, kwa hiyo azima kwa mtu mnayelingana kimo kwanza, unene baadaye.

"Sina ukoo wa Kiskoti, tartani si haki yangu"

Ingekuwa hivyo, watengenezaji wangefunga milango. Tartani ni mpangilio wa miraba ya rangi kwenye kitambaa cha kilti, na nyingi za koo zilipewa majina na kupangwa mwanzoni mwa karne ya 19, hasa wakati Mfalme George IV alipozuru Edinburgh mwaka 1822, watu wakikimbizana kutafuta "tartani ya babu". Kabla ya hapo, sheria ya 1746 ilikuwa imewapiga marufuku wanaume kuvaa mavazi ya nyanda za juu za Uskoti, ikaja kufutwa 1782. Unaruhusiwa kuvaa karibu yoyote. Ya Balmoral ndiyo ya familia ya kifalme, iache. Kwa ofisi, Black Watch, ile ya kijani na buluu iliyokolea, haigombani na shati lolote.

"Ni sketi"

Msomaji wa Lamu au Unguja, ambako wazee wameketi barazani na misuli na vikoi tangu enzi, hahitaji somo hili.

"Chini havaliwi kitu"

Ofisini vaa chupi. Sufu huwasha, kiti ni cha wote, na ngazi za vioo zina watu chini yake.

"Lazima uwe na seti nzima"

Hili nalo huwafukuza watu bure. Koti fupi la vifungo vya fedha na sporani (mkoba unaoning'inia mbele ya kilti) ya manyoya ni vya karamu ya usiku. Ofisini inatosha shati la rangi moja au sweta, sporani ya ngozi ya kawaida ining'inie upana wa kiganja chini ya mkanda, viatu vyako vyeusi vya kila siku, na soksi nene zilizokunjwa vidole vitatu chini ya goti. Kisu cha kwenye soksi kiache nyumbani. Sheria ya Uingereza inakiachia nafasi kama sehemu ya vazi la taifa, lakini mlinzi wa mlangoni na mwajiri wana lao la kusema.

Marinda nyuma, ubapa mbele (zile tabaka mbili zisizo na marinda zinazopishana), matamvua upande wako wa kulia. Pini ishike ubapa wa juu peke yake. Ukizipigilia tabaka mbili pamoja, hatua ndefu ya kwanza itachana kitambaa.

"Nitaganda kwa baridi"

Nyuma una tabaka kadhaa za sufu. Tatizo la ofisi ni joto la ndani. Kitambaa chenye uzito wa aunsi 16 kwa yadi ni cha uwanjani. Wa mezani achukue cha aunsi 13.

"Kukaa ni kukaa tu"

Ukiketi kama mwenye suruali, utainuka na marinda yaliyojikunja kama karatasi. Pitisha kiganja nyuma kutoka kiunoni kwenda chini ukilaza marinda, ndipo uketi. Ubapa wa mbele uuache uzame katikati ya mapaja na sporani iushikilie. Kwenye kiti cha magurudumu angalia kitambaa kisiingie chini ya mkono wa kiti, kwa sababu kikinaswa ukajivuta mbele, kinachokatika kwanza ni kikanda.

"Nitaitia mashine"

Ya poliesta na viskosi, sawa, kwa maji ya baridi. Ya sufu itarudi saizi ya mtoto. Doa lipanguse kwa kitambaa chenye maji, vumbi toa kwa brashi. Kabla ya kupiga pasi, shikiza kila rinda kwa bandi ndefu ya uzi mweupe, weka kitambaa kibichi juu yake, kandamiza pasi bila kuiburuta, acha ipoe, ndipo ufumue bandi. Itundike kwenye hanga la vibanio penye hewa angalau siku moja kabla ya kuivaa tena, na kabla ya kuifungia kabatini kagua nondo ndani ya marinda, si juu tu.