"Nikijirekebisha Nitakuja": Dhana Zinazotuchelewesha Kumwitikia Mungu

Jumamosi iliyopita, soko la Majengo hapa Dodoma, mama ninayenunua kwake mlenda alinipimia kikombe kimoja, akamimina nyongeza kiganjani, akaniambia bila kuinua macho: "Mwalimu, mimi kanisani nitakuja. Ila nijirekebishe kwanza." Anapika pombe ya mtama uani kwake, na hiyo ndiyo inayosomesha watoto. Maneno hayo nimeyasikia kwake mwaka wa nne sasa. Kwenye darasa la ubatizo huwa nayasikia hata kwa watu wenye shahada.

Dhana: Mtu hujisafisha kwanza, ndipo amjie Mungu.

Hii ndiyo inayowafungia wengi nje, na inaniuma kwa sababu inafanana na unyenyekevu. Mathayo aliitwa akiwa ameketi forodhani, kazini kwake, kazi iliyochukiwa kwa dhuluma. Hakuambiwa afunge hesabu kwanza. Aliambiwa, "Nifuate," akainuka. Baadaye nyumbani kwake palijaa watoza ushuru wenzake, na Yesu alikula nao.

Zakayo naye, mkuu wa watoza ushuru, alikuwa juu ya mkuyu pale Yeriko, hajarudisha hata senti, aliposikia jina lake likiitwa. Ahadi ya kuwapa maskini nusu ya mali yake na kuwarudishia mara nne aliowadhulumu aliitoa Yesu akiwa tayari mgeni wake. Angalia mpangilio huo vizuri. Toba ipo, na ina gharama, lakini ilizaliwa kwa sababu Yesu alikuwa ameshamfikia. Paulo aliwaandikia Waefeso kwamba tunaokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, na kwamba hiyo ni kipawa cha Mungu. Kipawa huwezi kukilipia kabla hujakipokea.

Dhana: Mungu akiita, utaota ndoto au utasikia sauti.

Wapo waliosikia. Hata hivyo, Samweli mwenyewe aliyeitwa kwa jina alimkimbilia kuhani Eli mara tatu, akidhani mzee huyo ndiye anayemwita. Ilibidi mtu mwingine amsaidie kutambua. Lidia wa Filipi, mfanyabiashara wa nguo za zambarau, hakuona maono yoyote tunayosimuliwa. Alikaa kando ya mto akasikiliza mahubiri, Bwana akamfungua moyo. Na Timotheo imani yake ilianzia kwa bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Wengi wetu tumeitwa hivyo: bibi anaomba gizani kabla ya kwenda shamba, nawe umejilaza kwenye ngozi unasikia jina lako likitajwa. Mimi niliusikia wito huo Mvumi nikiwa mtoto, nikauita "mambo ya bibi" hadi nilipokuwa mtu mzima. Kama huikumbuki siku uliyoanza kuamini, usiogope. Jiulize kama leo unamwamini.

Kuna wanaodhani wito ni wa wachungaji na masista tu. Paulo alishona mahema, na Wakorintho aliwaambia kila mtu abaki katika hali aliyokuwa nayo alipoitwa. Fundi cherehani ameitwa awe wa Kristo akiwa kwenye cherehani yake.

Dhana: Hii ni dini ya wazungu.

Ni kweli wamisionari wa Kianglikana kutoka Uingereza walifungua kituo Mpwapwa miaka ya 1870. Lakini Matendo ya Mitume sura ya 8 inamtaja towashi wa Kushi, mtu wa Afrika, aliyebatizwa njiani kwenye maji akitoka Yerusalemu. Agostino, mwalimu mkubwa wa Kanisa, alizaliwa mwaka 354 katika nchi tunayoiita leo Algeria. Na wazee wetu Wagogo walikuwa wakimwita Mulungu kabla ya mgeni yeyote kufika. Jina hilo hilo ndilo tunalomwita tunapoomba mpaka leo. Mwaka 1955 Yohana Omari akawa askofu wa kwanza Mwafrika wa Kianglikana Tanganyika, akihudumu huku huku kwetu.

Dhana: Ukiokoka, shida zinaisha.

Anayehubiri hivi Dodoma anawaumiza watu. Mvua zetu ni za msimu mmoja na zikikatika Februari, mtama wa aliyeokoka hukauka sawasawa na wa jirani yake. Nabii Habakuki aliona mizabibu isiyo na matunda na zizi lisilo na ng'ombe, akasema bado atamfurahia Bwana. Mkulima wa zabibu wa Hombolo anajua uzito wa maneno hayo. Yesu aliahidi kuwa nasi siku zote. Hakuahidi mavuno.

Yule mama nilimwambia: "Mama, njoo na kanga hiyo hiyo, ukae benchi la nyuma. Habari ya pombe tutaizungumza ukiwa ndani, na ada za watoto tutaziangalia pamoja." Alihesabu chenji yangu mara mbili. Kisha akauliza ibada ya kwanza inaanza saa ngapi.

"Saa moja," nikamwambia.