Mgonjwa Anaporudi Nyumbani: Utafiti Kuhusu Lawama na Kurudiwa na Skizofrenia

Ndugu wanaomrudisha kliniki hapa Moshi mgonjwa wao wa skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo na kuwashuku watu, kwa mara ya tatu au ya nne huuliza swali lile lile: alitoka wodini akiwa na nafuu kabisa, imekuwaje amerudiwa? Daktari huanza kwa kuuliza kama vidonge vilimezwa na kama sindano ya mwezi ilichomwa kwa wakati, na mara nyingi sababu hupatikana hapo. Lakini wapo waliorudiwa ilhali dawa hawakuziacha, na kwa hao inafaa kuutazama utafiti ulioanzia Uingereza katika miaka ya 1950.

Dawa ya klopromazini, inayotuliza dalili za ugonjwa wa akili na iliyoanza kutumika mwaka 1952, iliwawezesha watu wengi waliokuwa wamelazwa kwa miaka kurudi uraiani. George Brown, mwanasosholojia wa London, aliwafuatilia pamoja na wenzake wanaume walioruhusiwa hivyo, na mwaka 1958 wakaeleza jambo ambalo hawakulitarajia: waliorudi kwa wake zao au kwa wazazi walirudishwa hospitalini zaidi kuliko waliopanga vyumba au waliokaa kwa kaka na dada zao.

Brown hakuishia kusema kwamba familia ni mbaya, kama wengine wa zama zile waliokuwa wakimtwika mama mzigo wa ugonjwa wa mwanawe. Alitafuta njia ya kupima. Ndugu alihojiwa peke yake, mgonjwa akiwa hayupo, mazungumzo yakanaswa kwenye mkanda, kisha wasikilizaji waliofunzwa wakahesabu kauli za lawama, wakapima chuki, na wakapima pia ile huruma iliyopitiliza inayomfanya mzazi amlinde mtu mzima kama mtoto mchanga. Lawama haikutambuliwa kwa maneno pekee bali pia kwa sauti, na msemaji yeyote wa Kiswahili atalielewa hilo upesi: "Umeamka?" inaweza kuwa salamu, na inaweza kuwa shutuma kwa mtu aliyelala hadi saa tano.

Matokeo ya mwaka 1972 yalihusu wagonjwa 101 wa skizofrenia. Katika miezi tisa baada ya kutoka hospitalini, asilimia 58 ya waliorudi kwenye nyumba zenye lawama nyingi au ulinzi uliopitiliza walirudiwa, dhidi ya asilimia 16 kwenye nyumba tulivu. Miaka minne baadaye watafiti Christine Vaughn na Julian Leff walionyesha kwamba hata penye lawama, nafuu ilikuwepo kwa anayetumia dawa na kwa anayekaa ana kwa ana na ndugu hao chini ya saa 35 kwa wiki.

Kwa maoni yangu, jambo lenye manufaa zaidi katika kazi yote hii ni kile kilicholalamikiwa. Sehemu kubwa ya lawama haikuhusu sauti anazozisikia mgonjwa wala shuku zake. Ilihusu uvivu, uchafu, ukimya na kutojali. Hizo nazo ni dalili. Skizofrenia hunyang'anya mtu msukumo wa kuanza jambo, na kijana asiyeshika jembe kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani, huenda hana uvivu wowote. Ndugu asiyeelezwa hivyo atalaumu, tena kwa nia njema, na ni sisi wahudumu tunaomruhusu mgonjwa bila kumketisha mama yake hata kwa dakika kumi.

Mwezi ninaouhofia ni Desemba. Wachaga wanarudi nyumbani, boma linajaa, na mgonjwa aliyezoea kukaa na watu wawili anazungukwa na ishirini, kila mmoja akiuliza ataoa lini na kazi amepata wapi. Pombe ipo, usingizi haupo, na tarehe ya sindano huangukia katikati ya sherehe.

Kwa hiyo, kabla ya sikukuu, panga nani atampeleka kliniki na siku gani. Mpe chumba au kona anayoweza kujitenga bila kuitwa kila mara. Mgawie kazi moja inayokamilika, kama kuwakatia ng'ombe majani, na ikikamilika isemwe. Anayemhudumia kila siku naye apate mtu wa kumpokea, angalau alasiri mbili kwa wiki, aende sokoni au kwenye jumuiya. Saa hizo humpumzisha yeye, na humpumzisha mgonjwa pia.