Tovuti ikileta vituko, angalia kwanza kilichofika

Lalamiko tunalolipokea mara nyingi kutoka kwa watengenezaji tovuti wanaoanza ni hili: "Nimebadilisha, lakini haibadiliki." Rangi imewekwa upya, faili limehifadhiwa na kupandishwa kwenye seva, ukurasa umefunguliwa tena, na rangi ni ileile ya jana. Hapo wengi huanza kuuparamia msimbo. Wanafuta mstari huu, wanaongeza ule, na baada ya muda kuna kasoro tatu palipokuwa na moja, tena ile ya kwanza haikuwa ya msimbo kabisa.

Ukurasa hupita mikono mingi kabla ya kuonekana. Kuna faili lililo kwenye kompyuta yako, kuna lililo kwenye seva, kuna baiti (vipande vidogo vya data) zilizotumwa, kuna nakala ambayo kivinjari kimejiwekea, ndipo inapokuja sura inayochorwa kwenye kioo. Kabla ya kurekebisha chochote, jua kasoro imeingilia wapi. Bonyeza F12, fungua kichupo kinachoonyesha mawasiliano na seva, pakia ukurasa upya, kisha soma. Namba 404 inasema faili halikupatikana, 403 umekatazwa, 500 seva yenyewe imepata hitilafu, na hapo kivinjari hakina la kukueleza zaidi. Nenda kasome kumbukumbu za hitilafu za seva. Ukiona 200, yaani ombi limefanikiwa, bofya jina la faili uangalie yaliyomo. Je, yale uliyoyaandika yamo? Kama hayamo, acha kuhangaika na msimbo wako kwanza.

Mara nyingi mhusika ni kashe, ile nakala ambayo kivinjari kimejiwekea. Seva ikituma faili la mitindo pamoja na agizo la Cache-Control lenye max-age=31536000, imekiambia kivinjari kwamba nakala hiyo inafaa kwa sekunde zote hizo, yaani siku 365, na kivinjari kinatii. Kwenye Chrome na Firefox, Ctrl+Shift+R hukilazimisha kuomba upya. Lakini dawa hiyo inakutibu wewe peke yako. Wageni wa tovuti bado wanaona ya zamani. Badilisha jina la faili, au weka alama ya toleo kwenye anwani yake, kwa mfano mtindo.css?v=2. Kwa kivinjari, hilo ni faili jipya. Uelekezaji wa kudumu, ule wa namba 301, ni mkaidi zaidi: ukiuweka kimakosa leo na kuuondoa kesho, kivinjari kilichoupokea kinaweza kuendelea kumpeleka mtu kulekule bila hata kuiuliza seva. Ukiwa bado unajaribu, tumia 302, uelekezaji wa muda.

Dirisha la faragha nalo husaidia kupambanua. Ukurasa ukikaa sawa humo, shuku kashe, kuki au viendelezi vya kivinjari. Na viendelezi vina vitimbi vyake: kisanduku ulichokipa jina la ad-banner kinaweza kufichwa na kizuia matangazo, hata kama ndani yake hakuna tangazo bali fomu yako ya usajili.

Kwa anayeandika Kiswahili, kituko cha kukaliwa chini ni cha herufi. Andika ng'ombe kwenye programu ya kuandikia nyaraka, na mara nyingi ritifaa iliyonyooka itageuzwa yenyewe kuwa iliyopinda. Kwa macho ni kitu kimoja. Kwa kompyuta, ya kwanza ni baiti moja na ya pili, katika UTF-8, ambao ni usimbaji, yaani njia ya kugeuza herufi kuwa baiti, ni baiti tatu: E2 80 99. Sasa nakili maandishi hayo uyabandike kwenye ukurasa ambao kivinjari kinadhani umeandikwa kwa usimbaji mwingine, Windows-1252. Kila baiti itasomwa kama herufi inayojitegemea, na msomaji ataona ngâ€™ombe. Hakuna kilichoharibika, baiti ni zilezile, ila zimesomwa kwa ufunguo usio wake. Ndiyo maana kuzifuta alama hizo moja moja kwa mkono ni kazi bure, kesho zitarudi. Weka <meta charset="utf-8"> mapema kwenye ukurasa, ndani ya baiti 1024 za kwanza, hakikisha kihariri chako kinahifadhi kwa UTF-8, kisha kagua kichwa cha Content-Type, maelezo yanayotumwa na seva pamoja na ukurasa. Kichwa hicho kikitaja usimbaji mwingine, kivinjari hukisikiliza chenyewe kuliko meta yako.

Hifadhidata ni mkono mwingine. Katika MySQL, programu ya hifadhidata, usimbaji uliozoeleka kwa jina la utf8 hubeba baiti tatu tu kwa herufi, ilhali emoji nyingi zinahitaji nne. Kwa hiyo ng'ombe anapita, emoji inakwama: ama rekodi nzima inakataliwa, ama, kwenye mipangilio isiyo kali, maandishi hukatwa kuanzia pale emoji ilipo na kilichofuata hupotea kimyakimya. Usimbaji kamili ni utf8mb4, uliokuja na toleo la 5.5.3. Uweke kwenye jedwali na kwenye muunganisho pia. Upande mmoja hautoshi.

Ritifaa iliyonyooka nayo ina kesi yake, na hii ni nzito. Katika SQL, lugha ya kuiamuru hifadhidata, ndiyo inayofunga maandishi. Fomu inayokubali neno "barua" na kuanguka kwa "ng'ambo" inakuonyesha kwamba anachoandika mtumiaji kinaungwa moja kwa moja kwenye amri ya hifadhidata, na mwenye nia mbaya anaweza kupenyeza amri zake kupitia tundu hilohilo. Usikimbilie kuikataza ritifaa kwenye fomu. Tumia amri zilizoandaliwa (prepared statements), ambazo hupeleka amri kivyake na maandishi kivyake.

Picha inayoonekana kwenye kompyuta yako na kutoa 404 kwenye seva? Tazama herufi kubwa na ndogo. Kwa kawaida Windows haitofautishi Picha.JPG na picha.jpg, Linux, inayoendesha seva nyingi, inatofautisha.

Tarehe zina hila zake. JavaScript huhesabu miezi kuanzia 0, hivyo Machi ni 2. Tena new Date("2024-03-10") husomwa kama usiku wa manane wa UTC, saa za kimataifa, na mtumiaji aliye magharibi mwa Greenwich anaweza kuonyeshwa tarehe 9. Mtengenezaji aliye mashariki hatakiona kituko hiki kwenye mashine yake hata akijaribu siku nzima, asipobadilisha ukanda wa saa wa kompyuta.

Imebaki kasoro ambayo hakuna ajuaye ilianza lini. Kama unatumia Git, programu ya kutunza historia ya msimbo, amri ya git bisect hugawa historia nusu kwa nusu: unaitajia toleo lililokuwa zima na lililoharibika, nayo inakupa la katikati ulijaribu. Mabadiliko 1000 humalizwa kwa majaribio kama 10. Sharti ni moja: uwe na njia ya kuitokeza kasoro kila unapotaka, maana ile inayokuja na kuondoka itakufanya ulipitishe toleo bovu kuwa zima, na jibu litakuwa la uongo. Ukishalipata badiliko lililoleta kosa, andika git bisect reset ili urudi kwenye tawi lako kabla ya kuanza kurekebisha.