Elderberi kavu sio zabibu, zipikwe kwanza

Mwezi wa sita na wa saba baridi ikishashuka kutoka mlimani, hapa Moshi kila nyumba ina mtu anakohoa, na kila msimu kuna kitu kipya watu wanakikimbilia, kuna mwaka tulihangaika na tangawizi na malimao mpaka malimao yakapanda bei ukaona aibu kuuliza, safari hii naulizwa elderberi, matunda madogo meusi kutoka Ulaya. Wengi wanaletewa na ndugu walioko Ujerumani au Uingereza, wengine wananunua kwa watu wa mtandaoni, unalipa, bodaboda anakuletea paketi imefungwa vizuri kabisa ila maelezo hamna, au yapo kwa lugha ambayo humo ndani hakuna anayeisoma.

Mimi ni afisa lishe, kwenye taasisi yetu tunashughulika na chakula na usalama wake, na kilichonifanya niandike ni mama mmoja wa hapa mjini aliyekuja ofisini na paketi mkononi, imeandikwa Holunderbeeren, ndo elderberi hizo hizo kwa Kijerumani. Shemeji yake alimletea akasema tu ni za mafua. Mama akafungua akakuta vitu vyeusi vidogo vimesinyaa, ukiviona haraka unadhani pilipili manga, akaonja kimoja kina uchachu fulani, akasema basi hizi zabibu za huko kwao, akawamwagia watoto juu ya uji ambao ulishaepuliwa, kiganja kiganja. Haikupita muda wawili wakaanza kutapika na tumbo kusokota. Jioni walikuwa wanacheza mpira, wamepona, ila mama akabaki na swali la maana sana: kitu kinauzwa kama chakula, kimekaushwa, kimefungwa, kinawezaje kumtapisha mtoto?

Ukitaka kuielewa elderberi usiende mbali, fikiria muhogo mchungu. Ndani ya elderberi kuna kitu kinaitwa sambunigrini, kikiwa peke yake kimetulia tu, na kwenye tunda hilo hilo kuna kimeng'enya, yaani kichochezi cha kukivunja, kimejitenga sehemu yake, sasa ukitafuna, ukitwanga au ukisaga vile viwili vinakutana na hapo sumu inayoitwa sayanaidi inaanza kutoka. Muhogo mchungu ni mchezo ule ule, wenyewe una linamarini. Ndo maana wazee wanaoishi kwa muhogo hawaupeleki mdomoni hivi hivi, wanaumenya, wanauvundika au kuuloweka, wanauanika, ndo unakuwa unga. Na tunajua kinachotokea watu wakiruka hatua, Tarime mwaka 1985 kwenye ukame watu walikula muhogo mchungu ambao haukuandaliwa vya kutosha na mboga yenyewe ya kushikilia hamna, wengine wakapooza miguu, ugonjwa unaitwa konzo. Sisemi elderberi za kwenye paketi zitakupoozesha miguu, hapana, ile ni wiki na wiki za kula sumu kidogo kidogo bila protini, nataka tu uone kwamba kitu hiki sio kigeni kwetu, tunakijua ila kimekuja kimevaa koti lingine.

Elderberi hizi zinazouzwa nyingi ni za mti ambao wataalamu wanauita Sambucus nigra, mti wa Ulaya, na Marekani wana ndugu yake. Sumu nyingi iko kwenye majani, vijiti, magome na mizizi, halafu matunda mabichi ya kijani, halafu mbegu. Nyama ya tunda lililoiva vizuri ndo ina kidogo kabisa. Kwa hiyo mtu mzima akionja punje mbili tatu haanguki pale pale, na ndo linalowadanganya watu, anaonja haoni kitu anasema wataalamu mnatisha watu bure. Tatizo ni kiganja, tena kiganja kwa mtoto mwenye kilo 14.

Na sio sayanaidi peke yake, kuna protini zinaitwa lektini, kama zile zilizoko kwenye maharage mekundu. Aliyewahi kula makande ambayo maharage hayajaiva anajua tumbo linavyomfanyia. Dawa ya lektini ni kuchemsha mpaka kitu kiive.

Hapa ndo watu wengi wanateleza: kukausha sio kupika. Jua au mashine ya kukaushia inaondoa maji, hiyo sambunigrini haiondoi yote, na mbegu iko mle mle ndani. Kwa hiyo elderberi kavu ihesabu kuwa mbichi mpaka ipite kwenye moto wako mwenyewe. Kuzimwagia maji ya moto kwenye kikombe kama majani ya chai ukasubiri dakika tano, hiyo sio kupika. Kuziloweka kwenye pombe kali wiki tatu kama wanavyofanya wengine na mizizi yao, sio kupika. Na mbaya kuliko zote ni blenda, mtu anaweka elderberi kavu na ndizi na maziwa anasaga smudhi, pale amevunja kila mbegu na kukikutanisha kila kilichokuwa kimetenganishwa, kama kuna njia ya kuipata ile sumu vizuri basi ni hiyo. Unga wa elderberi unaouzwa kwenye vikopo usipojua kama zilipikwa kabla ya kusagwa, uache dukani.

Kisa kinachojulikana zaidi ni cha California mwezi wa nane 1983, kikundi cha watu walikuwa wamekusanyika porini wakachuma elderberi, wakazikamua mbichi pamoja na majani na vijiti vyake, juisi ikakaa, wakaja kunywa. Watu wanane walichukuliwa na helikopta kupelekwa hospitali, kichefuchefu, kutapika, kizunguzungu, mwili kufa ganzi, na aliyekunywa nyingi ndo aliyelazwa. Wote walipona. Majani na vijiti ndo yaliwaponza zaidi, kwa hiyo hata wewe ukifungua paketi yako kabla ya yote mwaga kwenye ungo, pepeta, toa kila kijiti na kila punje iliyobaki kijani. Mama zetu wanaochambua mchele wataifanya hii kazi wakiwa wanapiga stori.

Haya kupika sasa. Nusu kikombe cha elderberi kavu zilizochambuliwa na kuoshwa, vikombe vitatu vya maji, sufuria ya stili kama unayo maana tunda lina asidi na rangi yake inang'ang'ania, na usivae nguo nyeupe, mimi nimeshapoteza shati. Chemsha, ikishachemka punguza moto iendelee kutokota nusu saa mpaka dakika arobaini, mfuniko uuache wazi na dirisha liwe wazi, kwa sababu sayanaidi inageuka hewa kwenye nyuzi 26 tu, hiyo ni joto la mchana wa kawaida Moshi, ukiifungulia njia inaondoka na mvuke. Kuna aliyeniuliza huku juu maji yanachemka mapema je yanatosha, swali zuri, Moshi mjini maji yanachemka kama nyuzi 97 na Arusha kama 95, yanatosha, muhimu ni muda usikate. Unaweza kutupia mdalasini, karafuu, kipande cha tangawizi. Yakibaki kama nusu epua, chuja kwa kitambaa safi, kamua kwa mgongo wa kijiko, mbegu zisipite.

Ndo unaweka sukari au asali, asali subiri ipoe kidogo, na kamulia limao. Limao hapa sio la ladha tu. Elderberi asidi yake ni ndogo kuliko watu wanavyodhani, ukiijaza kwenye chupa ukaifunga kabisa ukaiweka kabatini miezi, unaweza kumfugia humo ndani bakteria wa botulizimu, sumu ya chakula inayoweza kuua, ambaye hatoi harufu wala kubadilisha rangi. Kwa hiyo iweke kwenye friji, wiki moja mpaka mbili umemaliza, na kama umeme kwenu ni wa kukatika katika pika kidogo kidogo. Umepika nyingi? Gandisha.

Matumizi yake jikoni ni mazuri kwa kweli, nisije nikaonekana nimeichukia. Kijiko kikubwa kwenye uji wa ulezi kinaleta uchachu ambao hauhitaji ndimu tena. Jemu yake peke yake haishiki vizuri maana haina pektini, kile kinachoigandisha jemu, ya kutosha, ila ukichemsha pamoja na mapera inashika yenyewe na harufu ya pera inaibeba. Sosi ya nyama ya mbuzi nayo, chukua ile iliyochujwa isiyo na sukari, kitunguu, pilipili manga, chumvi, ichemke iwe nzito, wageni watakuuliza. Kwa keki au skonzi usitupie punje kavu kwenye unga ukitegemea ovena imalize kazi, zichemshe kwanza.

Kwenye lishe, elderberi fresh gramu 100 ina kalori 73, nyuzinyuzi gramu 7 ambazo ni nyingi kwa tunda, vitamini C miligramu 36, madini chuma 1.6 na potasiamu 280. Ukizikausha kilo tano zinabaki kama kilo moja tu, kwa hiyo nyuzinyuzi na madini yanajikusanya, lakini vitamini C inaliwa na joto la kukausha halafu inaliwa tena na ule moto wa nusu saa nzima tuliopikia, halafu nyuzinyuzi zenyewe nyingi umeziacha kwenye chujio. Kinachobaki cha maana kwenye sirapu ni rangi, zile antosiani za zambarau iliyoiva, nazo pia zinapungua kwenye moto ila sio zote. Sasa pera moja la kawaida gramu 100 lina vitamini C zaidi ya miligramu 200, tena hulipiki, na Mbuyuni sokoni unalipata kwa hela ya chenji. Rangi? Rozela, wengine wanaita choya, ina antosiani za familia ile ile, tena mle ndani kuna aina ya sukari inaitwa sambubayosi na jina hilo limetoka kwa Sambucus mwenyewe. Kwa hiyo dada anayekuuzia paketi kwa bei ya kuku wawili anakuuzia kitu kizuri, ila sio kitu ambacho hapa hakipo.

Mafua je? Kuna utafiti uliotoka 2016 wa wasafiri wa ndege 312 kutoka Australia, waliotumia elderberi mafua yao yalikuwa mafupi na mepesi kidogo. Halafu 2020 Marekani, Cleveland, wakajaribu kwa wagonjwa 87 wa homa ya mafua, hawakuona faida. Mtu akikuambia inatibu korona, inasafisha damu, inaongeza CD4, zile chembe za kinga ya mwili, huyo anafanya biashara. Mambo ya usalama wa chakula tangu 2019 yako TBS, shirika la viwango, na dawa ziko TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, kwa hiyo muulize tu muuzaji, hii ni chakula au ni dawa, imesajiliwa wapi, uone anavyobadilisha mada.

Wapo ambao siwashauri kabisa mpaka waongee na daktari wao: mjamzito na anayenyonyesha, anayetumia dawa za kushusha kinga ya mwili, na watoto wadogo sana. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe chochote chenye asali hata kijiko. Mwenye kisukari, ile sirapu ni sukari, ihesabu.

Akitokea mtu amekula mbichi akaanza kutapika, kuharisha au kizunguzungu, mpeleke kituo cha afya na paketi uibebe. Akianza kupumua kwa shida, kuchanganyikiwa au kulegea usisubiri bajaji ya bei nafuu, chukua chochote kilichopo. Usimtapishe kwa kumwingiza vidole, na yale maziwa tunayoyakimbilia kila mtu akila sumu hayavunji sayanaidi, yanakuchelewesha tu njiani.

Na jingine, kwenye misitu ya milima ya Afrika Mashariki kuna ndugu wa mmea huu anayeota mwenyewe, kwa hiyo wanaopanda msituni kutafuta kuni au wanaotembeza wageni wakiona vichala vyeusi vinavyofanana na picha ya kwenye simu wasichume. Ukoo mmoja haumaanishi sumu ni kiasi kimoja. Hata tunda jeusi la mnafu wetu watu wanalichanganya na hizi, ni mmea mwingine kabisa, na la kijani lina sumu yake tofauti.

Yule mama paketi yake ilikuwa imebaki nusu, tukaichambua tukaipika pale pale kwenye jiko letu la mafunzo, akaondoka na chupa mbili. Aliniuliza makapi na zile mbegu awape kuku, nikamwambia hapana mama, hayo yafukie kwenye migomba.