Je, wajua kwa nini mashine ya wati 800 inaweza kuishinda ya wati 2,000 kwa kufyonza vumbi?

Washa mashine ya kufyonza vumbi, chomoa kile kichwa kinachopita sakafuni, halafu uzibe mdomo wa bomba kwa kiganja. Kiganja kitang'ang'aniwa mpaka ngozi itokeze kwa ndani, na mlio wa mota utapanda kutoka ngurumo hadi kuwa mluzi. Ukimuuliza mtu aliyesimama karibu atakwambia mota imelemewa. Kumbe imepumzishwa! Kazi ya feni iliyo ndani ni kusukuma hewa, na ukishaziba mdomo hewa ya kusukuma inakuwa haipo, basi feni inazunguka mbio bila mzigo, kama pedeli za baiskeli iliyoruka mnyororo. (Usizibe kwa muda mrefu. Katika mashine nyingi hewa hiyohiyo ndiyo inayopoza mota.)

Sasa angalia kilichotokea. Mvuto umefika kileleni, kiganja ni shahidi, lakini hakuna hata chembe moja ya vumbi iliyoingia. Mvuto peke yake hausafishi. Kinachobeba vumbi ni upepo, na ukiziba mdomo hakuna upepo.

Nilichelewa kulijua hili. Mashine yangu ilipoanza kupita juu ya makombo na kuyaacha palepale, nilikata shauri kwamba imezeeka, nikaanza kutafuta nyingine yenye "nguvu". Na nguvu kwangu ilikuwa ile namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi: wati 2,000, wati 2,200. Namba hiyo inasema mashine inakula umeme kiasi gani. Haisemi inasafisha kiasi gani. Ni kama kumpima mkulima kwa sahani anazomaliza badala ya shamba alilolima.

Umeme ukiingia kwenye mota, sehemu kubwa hupotea njiani ikawa joto na kelele. Weka mkono nyuma ya mashine, pale hewa inapotokea, utahisi uvuguvugu wa wati zako zinazokwenda zao. Zinazobaki ndizo zinazosogeza hewa, na hizo zina kipimo chao: wati za hewa. Hesabu yake haina uchawi. Unachukua mvuto kwa paskali, unazidisha kwa kiasi cha hewa kinachopita kwa mita za ujazo kila sekunde.

Ila kuna mtego. Tuseme mashine imeandikwa mvuto wa juu kabisa ni kilopaskali 24, na hewa ya juu kabisa ni lita 36 kwa sekunde. Ukizidisha (ile elfu ya kilopaskali inafutana na sehemu ya elfu ya lita) unapata wati 864, na muuzaji atatabasamu. Lakini mvuto wa juu unapatikana mdomo ukiwa umezibwa, yaani hewa ni sifuri, na hewa ya juu inapatikana mdomo ukiwa wazi kabisa, yaani mvuto ni karibu na sifuri. Haviwezi kukutana. Mashine inafanya kazi yake bora katikati, tuseme kilopaskali 12 na lita 18 kwa sekunde, na hapo hesabu inatoa wati 216 tu. Robo! Kwa hiyo ukiona tangazo linalotaja mvuto peke yake, ujue umeonyeshwa nusu ya hesabu, ile inayopendeza.

Umoja wa Ulaya uliamua kuzikata wati hizo kwa sheria. Kuanzia tarehe 1 Septemba 2014, mashine mpya za nyumbani za kuchomeka ukutani zilitakiwa ziwe chini ya wati 1,600, na kuanzia 1 Septemba 2017 zikashushwa chini ya wati 900. Watu walinung'unika kwamba nyumba zitabaki na vumbi. Lakini sheria hiyohiyo iliweka masharti upande wa kazi: mashine ya zulia iokote angalau asilimia 75 ya vumbi la majaribio, ya sakafu ngumu asilimia 98, vumbi linalorudi chumbani kupitia hewa inayotoka lisizidi asilimia 1, na kelele isizidi desibeli 80. Watengenezaji walipokosa njia ya mkato ya kuongeza umeme, walilazimika kurekebisha feni, kuziba mianya na kuchonga upya vichwa. Mashine za chini ya wati 900 zikafanya kazi.

Mkasa mmoja wa sheria hizo unanifurahisha. Pamoja nazo ilikuja lebo ya madaraja ya herufi. Kampuni ya Dyson, inayotengeneza mashine hizi, ilipinga mahakamani, ikisema vipimo vinafanywa mashine ikiwa tupu, ilhali nyumbani mashine inafanya kazi ikiwa na vumbi tumboni. Novemba 2018 Mahakama Kuu ya Umoja huo ilikubaliana nayo na lebo ikafutwa. Hoja yake inamhusu kila mnunuzi: mashine ya dukani ni tupu, filta zake mpya, na yoyote ile itavuta vizuri dakika ya kwanza.

Tuje sakafuni, ambako ndiko ushindi unakopatikana. Tunasema mashine "inavuta", lakini kwa hakika feni inatupa hewa nje kwa nyuma, msukumo wa hewa ndani ya bomba unapungua, na hewa ya chumbani inakimbilia kujaza pengo. Vumbi limepanda tu upepo huo. Na upepo wenyewe unakufa haraka ajabu: ukienda mbali na mdomo wa bomba kwa umbali unaolingana na upana wa mdomo huo, kasi inabaki takriban sehemu moja ya kumi. Bomba lenye mdomo wa sentimita 4 halina lake sentimita 4 kutoka hapo. Ndiyo maana kichwa kinachokumbatia sakafu kina thamani kuliko wati mia tano za nyongeza.

Lakini kukumbatia kuna kiasi chake. Kwenye sakafu ngumu, ya vigae au mbao, kichwa kilichobana sana kinazisukuma punje kubwa mbele kama tingatinga. Unakwenda mbele, punje zinakwenda mbele, mnafika ukutani pamoja. Vichwa vizuri vya sakafu ngumu huwa na nafasi kwa mbele, au rola laini yenye manyoya inayozimeza punje badala ya kuzikumba. Na magurudumu yawe ya mpira laini, maana punje moja ya mchanga iliyokwama chini ya plastiki ngumu inachora mbao kama msumari.

Zulia ni habari nyingine kabisa. Tenganisha nyuzi za zulia nene kwa vidole viwili utazame chini kwenye mashina: mchanga umejipanga huko, mzito, umeshikwa na nyuzi pande zote. Upepo unapita juu ya vichwa vya nyuzi kama unavyopita juu ya msitu, na chini kumetulia. Hapo huhitaji wati, unahitaji brashi inayozunguka, yenye kupiga nyuzi na kuzichanua ili mchanga uruke juu, upepo uudake. Brashi yenye mota yake ndani ya kichwa ndiyo bora kwa zulia nene. Ile inayozungushwa na upepo wenyewe inazunguka vizuri hewani na kusimama ukiikandamiza, nami siipendi. Zulia la nyuzi za vitanzi lina tahadhari yake, kwani brashi kali inaweza kuvuta uzi mmoja na kukuharibia safu nzima. Mashine iwe na swichi ya kuzima brashi.

Mvuto mkali sana kwenye zulia huleta kichekesho: kichwa kinajinata, unakisukuma kwa mabega yote mawili, na mwisho unafungua kile kidirisha cha hewa kwenye mpini ili upumue. Yaani umenunua nguvu, kisha unaimwaga.

Vumbi likishaingia linakwenda wapi? Kisa cha Hubert Cecil Booth kinajibu. Mhandisi huyu Mwingereza aliona London mashine iliyojaribu kusafisha kwa kupuliza vumbi, akajiuliza kwa nini lisivutwe. Inasimuliwa kwamba aliweka leso juu ya kiti, akaweka mdomo, akavuta pumzi kwa nguvu. Alikohoa, lakini upande wa pili wa leso kulibaki duara jeusi la uchafu. Mwaka 1901 akasajili uvumbuzi wake, mashine ya injini ya petroli iliyovutwa na farasi, ikisimama barabarani huku mabomba marefu yakipitishwa madirishani. Leso ile ndiyo filta, na mpaka leo ugomvi ni uleule: hewa ipite, uchafu ubaki.

Mfuko wa vumbi ni leso iliyoboreshwa. Una usafi wake, maana ukijaa unautupa mzima bila kuufungua, lakini matundu yake yanazibika kidogo kidogo na upepo unapungua hata kabla haujajaa. James Dyson, mwanzilishi wa kampuni ile, aliyetengeneza vielelezo 5,127 kabla ya kuridhika, alikuja na njia ya kimbunga: hewa inazungushwa kwa kasi ndani ya kopo, uchafu unarushwa kwenye kuta na kuanguka chini. Mashine ya kwanza kuuzwa kwa jina lake ilitoka 1993. Kopo halizibiki kama mfuko, lakini vumbi laini kabisa bado linafika kwenye filta, na siku ya kulimwaga kopo unalikuta tena usoni kwako. Mwenye pumu au mzio nyumbani kwake, mimi ningemwelekeza kwenye mfuko.

Na ningemwambia atafute filta ya HEPA, yaani ile ya kukamata chembe ndogo mno. Ya daraja la H13 hukamata angalau asilimia 99.95 ya chembe zile ngumu kuliko zote kukamatika. Cha ajabu, chembe hizo siyo zile ndogo kabisa. Kubwa zinagonga nyuzi za filta kwa uzito wake. Ndogo mno zinayumbishwa na hewa huku na kule mpaka ziguse uzi. Zinazopenya ni za katikati, zenye upana wa karibu na mikroni 0.1 hadi 0.3 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Ila filta nzuri ndani ya ganda linalovuja ni mlango wa chuma kwenye ukuta wa makuti. Mashine ikiwa imewashwa, pitisha mkono kwenye maungio na kuzunguka kifuniko. Ukihisi upepo mahali pasipo tundu la kutokea, vumbi laini nalo linatokea hapo.

Za betri ni nyepesi na zinapendwa, nami ninayo moja ya kuokoteza makombo. Lakini zile "dakika 60" za kwenye boksi mara nyingi ni za mwendo wa chini kabisa, bila brashi ya mota. Ukiweka mwendo wa juu, chaji inaweza kuisha ndani ya dakika kumi hivi. Uliza betri inachomoka? Inapatikana nyingine? Betri ikichoka na haibadilishiki, mashine nzima imechoka. Roboti nazo hutajiwa maelfu ya paskali kwa mbwembwe, na huo ni mvuto peke yake. Fadhila yao ni kwamba hupita kila siku bila kuombwa, na vumbi la siku moja halina ubishi.

Kwa hiyo ukiwa dukani, anza na sakafu yako. Vigae vitupu havihitaji mota ya kutisha. Zulia nene linahitaji brashi. Ngazi zinahitaji uzito mdogo, na hapo inue mashine kwa mkono mmoja uhesabu hadi thelathini. Omba kuijaribu, si kwa kiganja, ila kwa mchanga kidogo kwenye kipande cha zulia: pitisha mara mbili, kisha tenganisha nyuzi utazame chini. Muulize muuzaji wati za hewa. Akibabaika, tazama mvuto na hewa kwa pamoja, kamwe usitazame kimoja. Desibeli nazo zisome, maana mashine ya 80 sikioni inafanana na mara mbili ya ile ya 70.

Na kabla hujatoa pesa, ikague uliyonayo. Osha filta kama inaoshwa, iache ikauke siku nzima, maana filta mbichi inaziba na kunuka. Kata kwa mkasi nywele zilizojiviringisha kwenye brashi. Halafu chomoa bomba, lisimamishe wima, udondoshe sarafu kwa juu. Kama njia ni safi, sarafu itatoka chini.

Yangu haikutoka. Nilichukua fimbo ya ufagio nikasukuma taratibu, pakakaza, pakalegea, ikachomoka soksi ya mtoto iliyovishwa nywele na vumbi mpaka imekuwa kama panya, na nyuma yake sarafu ikadondoka sakafuni.