Usaha kwenye mashina ya ndevu: saikosisi na magonjwa yanayofanana nayo

Wanaume wengi wanaofika kliniki ya ngozi na vipele vya kidevuni huwa wameshatoa hukumu kabla hawajakaa kitini: kinyozi ndiye mwenye kosa. Wakati mwingine ni kweli. Lakini mara nyingi mkosaji halisi anaishi sentimita chache juu ya kidevu, ndani ya pua ya mlalamikaji mwenyewe.

Maambukizi ya vifuko vinavyootesha ndevu huitwa kitabibu saikosisi ya ndevu. Jina hilo limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya tini, kwa sababu ngozi iliyovimba na kujaa vitundu vya usaha iliwakumbusha watu wa kale tini lililopasuliwa. Vitabu husema ngozi huwa nyekundu. Kwenye ngozi zetu nyeusi wekundu huo hauonekani vizuri. Tafuta weusi uliokolea au rangi ya zambarau, pamoja na joto na maumivu ukigusa.

Msababishi mkuu ni bakteria aitwaye stafilokokasi aureasi. Takriban mtu 1 kati ya 3 anaye puani, na wengi hawadhuriki. Vidole vilivyochokonoa pua vikienda kuchezea ndevu humhamisha, na wembe ukikwaruza ngozi humfungulia njia. Dalili ninayoitafuta kwanza ni kipele kidogo chenye usaha, na katikati yake unywele umechomoza.

Unywele huo ndio unaotusaidia kuutenga ugonjwa huu na vipele vya wembe, ambavyo kiini chake si vijidudu. Nywele za kipilipili zikinyolewa hadi ngozini hubaki na ncha kali. Zikianza kukua hujipinda na kuichoma ngozi upya, nao mwili huupokea unywele wake kama mwiba. Vipele hivyo hujaa zaidi shingoni na chini ya taya, ni vigumu, na mara nyingi havina usaha. Kumeza antibiotiki kwa ajili yake ni kupoteza fedha, isipokuwa vikishaingiliwa na bakteria. Acha ndevu ziote kwa wiki 4 hivi, kisha nyoa kwa mashine inayobakiza walau milimita 1. Najua wapo walioajiriwa kwa masharti ya kidevu cheupe. Hao waombe cheti cha daktari.

Fangasi nao hushika ndevu, hasa kwa wafugaji. Mgonjwa akiniambia ndama wake wana mabaka yaliyonyonyoka manyoya, nusu ya kazi yangu imekwisha. Ndevu zenye fangasi hung'oka kwa urahisi zikivutwa, na tiba yake ni vidonge vya fangasi kwa wiki kadhaa, kwani krimu haifiki kwenye shina.

Kinachonikera kuliko wembe ni ile tyubu ya mchanganyiko inayouzwa dukani bila kuulizwa swali: steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe), dawa ya fangasi na antibiotiki, vyote pamoja. Siku za mwanzo uvimbe unatulia na mgonjwa anaisifu. Kumbe steroidi imenyamazisha ngozi tu, fangasi wanaendelea kutambaa chini kwa chini, na siku akiacha kupaka uso unalipuka upya. Wengine hunijia baada ya miezi ya kupaka, ngozi imekuwa nyembamba na ugonjwa umepoteza sura yake.

Kama ni saikosisi, acha kunyoa hadi upone. Kanda kwa kitambaa safi kilicholowa maji ya uvuguvugu, dakika 10, mara 3 kwa siku. Maambukizi ya juujuu hutibiwa kwa krimu kama mupirosini au asidi ya fusidiki; yakizama, daktari ataongeza vidonge. Yakirudi kila mara tunapima usaha, tunachukua sampuli puani, tunapima sukari na VVU. Ukiyaachia miaka, vifuko vinaweza kufa na kubaki kovu pasipoota ndevu tena.

Usikamue, hasa juu ya mdomo na pembeni ya pua. Mishipa ya damu ya eneo hilo inaungana na ile ya ndani ya fuvu. Ni nadra usaha kusafiri hadi huko, ila ukifika huhatarisha maisha. Homa, maumivu makali ya kichwa au jicho kuvimba ni safari ya hospitali siku hiyohiyo.

Na kinyozi? Nenda na wembe wako mpya au mashine yako. Pamba ya spiriti iliyopitishwa mara moja haitakasi chombo, na virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kubaki hai nje ya mwili kwa siku 7.

Ukija kliniki, beba tyubu uliyokuwa unapaka, hata kama imekwisha. Na tafadhali usinyoe asubuhi hiyo kwa kuona aibu. Vipele ndivyo ninavyotaka kuviona.